Kisogo cha Shangazi

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kibanda cha fundi viatu, lakini wanawake walizipita saluni kubwa kubwa zenye vioo virefu ili wamfikie yeye. Waliomheshimu walimwita Dada Msusi. Wenye utani walimwita Gundi, kwa sababu nywele akishazishona yeye hazikubanduka mpaka azifumue mwenyewe. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na vidole vyake vilikuwa virefu utadhani ameviazima kwa mtu mwingine. Alikuwa na tabia ya kuongea na vichwa badala ya wenye vichwa: hiki kina ubishi, kile kimelalia upande mbaya, hiki jana kililia.

Mumewe alikuwa seremala, mtu mpole ambaye ukimuuliza habari za leo anafikiri kwanza. Maneno yote ya ukoo wao yalikuwa yameangukia kwa dada yake, muuguzi wa hospitali kubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Msusi na wifi yake huyo hawakuiva chungu kimoja. Redio akija kuwatembelea, kabla hajakaa alikuwa ameshasema kwamba pazia limepauka, mchuzi umekaa kama maji ya kuoshea vyombo, na kaka yake amekonda. Msusi alimjibu kwa kumwongezea mchuzi.

Basi asubuhi moja mlangoni pa saluni akasimama mwanamume aliyevaa tai iliyokazwa mpaka shingo ikafanya mkunjo. Akasalimia kwa adabu. Akaeleza kwamba kuna mama mmoja, ofisa mkubwa serikalini, hawezi kutoka ofisini kwa sababu za kiafya, na amesikia sifa zake. Gari liko nje. Serikali ikikuomba kwa upole namna ile, unajikuta umeshaanza kufungasha. Msusi akatia kwenye mkoba sindano za kushonea nywele, uzi mweusi, machanuo, mkasi na mafungu ya nywele za bandia, akamwomba fundi viatu amwangalizie mlango.

Jengo lilikuwa la kawaida kabisa. Rangi ya ukutani ilikuwa imebambuka, feni ilizunguka kwa uvivu, na watu walijipanga kwenye mabenchi huku wamekumbatia bahasha zao. Kitu pekee alichokiona si cha kawaida ni dereva. Viatu vyake vilikuwa vikubwa kama mikate, na akitembea kwenye vigae vililia ko, ko, ko, kama mbuzi juu ya bati. Msusi alikuwa na macho ya kuona, lakini alijiambia kwamba miguu ya watu haimhusu, yeye ni wa vichwa.

Ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia, kwenye chumba chenye zulia la kijani na kiti kimoja kilichogeuzwa kuelekea dirishani, alikuwa ameketi mama wa makamo aliyevaa suti ya kijivu na miwani ya kusomea. Kila mtu alimwita Shangazi. Alikuwa na sauti nzuri. Alimuuliza mgeni kama amekunywa chai, akamwomba radhi kwa usumbufu, kisha akafungua kitambaa cha kichwani.

Kisogoni, pale ambapo mtoto mchanga huanza kupoteza nywele kwa kulala chali, palikuwa na mdomo.

Ulikuwa mpana, midomo imekauka na kupasuka, na ulipumua taratibu kama mtu aliyelala mchana. Msusi alikuwa amesimuliwa habari za mazimwi tangu akiwa amebebwa mgongoni, na yale ya hadithini yalikuwa na mdomo mahali hapo hapo. Lakini zimwi la hadithini halikuvaa kitambulisho cha utumishi shingoni. Akageuka kuuelekea mlango. Yule mwenye tai akamshika kiwiko, bila nguvu, akamwambia, "Endelea na kazi, mama. Uache nafasi ya kupumulia."

Mikono yake ikafanya kazi peke yake. Ilisuka mistari, ikashona nywele juu ya mistari, ikaziba bila kubana, na alipomaliza kisogo kilikuwa kama cha mama yeyote aendaye harusini. Mwenye tai akatoka nje na kufunga mlango. Ndipo Shangazi, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeona aibu, akamuuliza swali ambalo ni wazi alikuwa ameagizwa kuliuliza: akifika nyumbani na kuulizwa ameona nini, atasema nini?

Msusi akafungua kinywa ili aape kwamba hatasema kitu. Akasema kwamba hatamwambia mtu kuwa ameona... na kabla hajafika mwisho, chini ya nywele alizozishona mwenyewe, ile midomo ikaachana. Kitu baridi kikapita juu ya ulimi wake kama peremende. Basi.

Jioni ile mumewe alimtengea kiti akamuuliza kulikoni, mbona uso umempauka. Msusi alikuwa amejipanga njia nzima. Akamwangalia machoni, akavuta pumzi, akasema, "Bomba linavuja."

Seremala akaenda kuangalia bomba. Halikuwa linavuja. Akarudi, akakaa, akamuuliza tena. Msusi alikuwa anaiona midomo ile mbele yake waziwazi, anaiona suti, anaona zulia, lakini akinyoosha mkono kushika neno, neno halipo. "Bomba linavuja," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. Mumewe, masikini ya Mungu, akaenda kutafuta spana.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa upole na bila simile. Siku moja Msusi alifika saluni akakuta mlango una kufuli mpya, na yule mwenye tai, ambaye kwa sasa Msusi alishajua kwamba ofisini wanamwita Bwana Tai, na kwamba wengine wakisema hivyo hufikiria ndege mla mizoga, si nguo, alikuwa akimsubiri kumpa pongezi. Ameajiriwa. Wakahamishwa kwenye nyumba za watumishi: vyumba vikubwa, maji saa zote, ukuta mrefu kuzunguka na geti moja. Mlinzi wa geti hakupekua mikoba. Alikuwa ananusa tu, na wakati mwingine alimrudisha mtu ndani bila kutoa sababu. Seremala akapewa karakana na kazi ya kutengeneza viti vya ofisi za serikali, kazi isiyokwisha. Ndugu na majirani wakawapa hongera. Mama mkwe akasema sasa anaweza kufa kwa amani. Ni Redio peke yake aliyesimama uani akautazama ukuta, akasema wamejengewa gereza lenye maua.

Siku nyingi zikapita hivyo, Msusi akienda asubuhi na kurudi jioni kwa gari la yule dereva mwenye viatu, ambaye siku moja baada ya mvua alivivua ili avianike na hakujali tena kuzificha kwato zake. Alikuwa mcheshi, na alimwambia kwamba barabara za lami zinamuumiza. Msusi alishangaa jinsi hofu inavyozoeleka. Karani wa chumba cha chini hakupepesa macho mchana kutwa, mfagiaji hakuwa na kivuli, na wote walilalamikia likizo kama watumishi wengine. Aliyemtia baridi ya mgongo alikuwa Bwana Tai, ambaye hakuwa na kasoro yoyote mwilini.

Kazi ya Shangazi aliielewa kidogo kidogo. Waliokalishwa chumbani mle walikuwa watu wenye jambo la kusema: mkulima aliyenyang'anywa shamba, mjane aliyetaka kujua mumewe alizikwa wapi. Mdomo wa mbele uliwauliza kwa upole, nao wakamwaga yote, na kisogo kilichogeuzwa upande wao kikayala maneno yao moja baada ya jingine. Hawakusahau. Hilo ndilo lililomuumiza Msusi, kwa sababu alilijua mwilini mwake. Walitoka wakijua kwamba kuna kitu, ila hawana neno la kukishikia. Ungewaona getini wamesimama, midomo ikichezacheza, kisha wanarekebisha kofia au mtandio na kwenda zao.

Shangazi naye alijieleza vipande vipande wakati wa kusukwa, kama wanawake wote wafanyavyo. Alikamatwa akiwa msichana mdogo, msitu wao ulipofyekwa. Serikali ikamlea, ikamsomesha, ikampa cheti, ikampa kiti. Chumba chake cha kulala kilikuwa mle mle, nyuma ya kabati. Dirisha lile analotazama mchana kutwa halifunguki. Aliulizia mambo madogo ya nje: siku hizi mafuta ya nywele yana harufu gani, watoto wanaimba nini wakiruka kamba. Msusi alimjibu, na siku nyingine aliimba.

Mara mbili tatu alimwendea Bwana Tai kuomba arudi saluni kwake. Alisema macho yamechoka. Alisema mgongo. Bwana Tai alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba hapa hakuna anayeacha kazi.

Sasa, hospitalini kwa Redio kukatokea jambo. Mitungi ya hewa ya wodi ya watoto ilikuwa imeandikwa kwamba imejaa, na haikuwa imejaa. Watoto wakafa mikononi mwa wauguzi huku mitungi imesimama kando ya vitanda kama askari. Wakubwa wakataka wauguzi wakae kimya. Wangemtaka jogoo anyamaze wangefanikiwa mapema zaidi. Redio alisema wodini, akasema sokoni, akasema msibani mbele ya wazazi, akataja nani alileta mitungi na nani aliipokea. Haukupita muda akaitwa ghorofa ya tatu kwa mazungumzo.

Msusi alimkuta kwenye benchi asubuhi, amevaa sare yake nyeupe, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Walitazamana. Redio akafungua kinywa kuuliza wifi yake anafanya nini pale, lakini Msusi akampita haraka kama hamjui, akaingia chumbani na kufunga mlango. Ilikuwa siku ya kusuka.

Alifumua nywele za zamani. Mdomo ulikuwa macho, unajilambalamba. Ulikuwa umeshanusa kwamba leo kuna karamu. Msusi alijiwazia Redio akiingia nyumbani kwake, anakaa, anatazama pazia, na hana la kusema. Miaka yote alikuwa ameomba kitu hicho hicho. Chanuo likamponyoka, likaanguka.

"Yule aliye nje ni wifi yangu," akasema.

 Shangazi akajibu kwamba anasikitika, ila si yeye anayekula. Yeye ni mbebaji tu. Ule una tumbo lake na njaa yake.

"Na kama ukifungwa?"

"Ukifungwa vipi?"

 Msusi alikuwa ameshika sindano ya kushonea nywele, ile iliyopinda, na uzi mweusi ulikuwa umeshatiwa. Shangazi aliiona kwenye kioo cha dirisha. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mapajani, akashika mikono ya kiti.

"Fanya haraka," akasema. "Na nikilia, endelea."

Akashona. Alishona kama anavyoshona nywele, karibu karibu, akikaza kila hatua, mdomo ukitafuna hewa na kuruka chini ya vidole vyake kama samaki. Kabla ya mshono wa mwisho ulimpata. Uling'ata ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto na haukuirudisha. Shangazi alikuwa ameuma kitambaa chake kwa mdomo wa mbele ili asitoe sauti, na machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola. Msusi akafunga kidole kwa kipande cha nywele za bandia, akasuka juu ya uzi, akafunika. Bwana Tai alipochungulia na kuona damu, Msusi alimwambia kwamba sindano imemchoma. Bwana Tai akampa leso yake, akamwambia akae pembeni afungashe vyombo vyake, akamwingiza Redio na kutoka haraka kama kawaida yake, kwa maana aliyapenda maneno yake mwenyewe na hakutaka yaliwe.

Redio akaulizwa shida yake. Akaisema yote tangu mwanzo, bila kutia chumvi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alitaja watoto kwa majina. Msusi, pale pembeni, alisikia mikwaruzo chini ya nywele na kuomba uzi ushike. Ulishika. Redio alipofika mwisho Shangazi akageuka, akamwinamia.

"Mwanangu, nisikilize. Ukitoka hapo nje utaulizwa ulikuja kwa shida gani. Huikumbuki. Huna neno hata moja. Ukilikosea hili hutarudi kwako, na wifi yako hatarudi kwake."

Redio akamtazama Msusi, akaona leso yenye damu.  Akasimama, akafungua mlango, na Msusi akamsikia Bwana Tai akimuuliza kwa sauti yake laini alikuja kwa shida gani, mama. 

"Shida?" akasema Redio. "Nilikuwa natafuta choo, mwanangu."

Bwana Tai akamwelekeza chooni.

Jioni ya siku ile ile Redio alifika kwenye nyumba ya watumishi. Mlinzi alimnusa akamwacha apite. Hakulitaja pazia. Alimshika Msusi mkono uliofungwa, akamwita wifi yangu kwa namna ambayo hakuwahi kumwita, akamuuliza kuna nini ndani ya chumba kile.

"Bomba linavuja," akajibu Msusi.

Redio alimtazama muda mrefu sana, kisha akaitikia kwa kichwa. Akaondoka mjini kesho yake na maneno yake yote tumboni, akayasema mbali, mbele ya watu walioweza kuyaandika na kuyasambaza. Wakubwa fulani wa hospitali wakaachishwa kazi. Mitungi ikaletwa, imejaa. Ghorofa ya tatu Bwana Tai alitafuta ni wapi palipovuja bila kupata, maana kila aliyetoka chumbani alitoka ameduwaa vizuri. Shangazi alikuwa akiwafundisha wote.

Lakini njaa haishonwi. Muda si muda mdomo ukaanza kula kwa ndani. Shangazi alipoteza jina la mama yake, akalia siku nzima. Kisha akapoteza maneno madogo. Msusi alimkuta asubuhi moja amesimama mbele ya mlango anaupiga piga, kwa sababu hakujua tena unaitwaje wala amwombe nani amfungulie. Angalisahau kuzungumza kabisa, Bwana Tai angalijua, na uzi ungalionekana.

Hivyo Msusi akafumua mishono michache, upande mmoja tu, akausogelea mdomo akaulisha. Aliupa maneno yake mwenyewe. Alianza na yale asiyoyahitaji: umbea wa saluni, ugomvi wa zamani na jirani, matusi ya utotoni. Ubaridi ukapita juu ya ulimi, umbea ukaisha. Mdomo ukashiba, akashona tena. Siku ya kusuka iliyofuata akaulisha tena. Shangazi akapata nafuu, akaanza kuuliza tena watoto wanaimba nini, lakini nyimbo za kamba Msusi alikuwa ameshazitoa.

Umbea una mwisho wake. Ukaisha, yakafuata ya shuleni, ya safari, ya kaburi la baba yake. Yalikuwamo ndani, aliyahisi uzito wake, ila ulimi haukuyapata.

Na hapo ndipo Bwana Tai alipomwita ofisini kwake na kumkaribisha kiti. Alimwambia kwamba wameona amechoka, na anasahausahau. Wamepata msusi mwingine, binti mdogo mwenye mkono mwepesi. Wamemfikiria: atarudishiwa saluni yake ile ile, nyumba atakaa nayo, na mumewe ataendelea na kazi. Ataagana tu na Shangazi kwa maneno machache. Alisukuma funguo juu ya meza.

Msusi alizitazama funguo zile. Alikumbuka harufu ya chumba chake, mafuta na nywele za moto, na nyundo ya fundi viatu upande wa pili wa ukuta. Alimfikiria yule binti akifumua kisogo mara ya kwanza, akikuta uzi, akipiga kelele. Aliwafikiria watu kwenye mabenchi.

Akasema hapana, asante. Akasema amezoea. Bwana Tai, ambaye hakuwahi kuombwa na mtu yeyote kubaki pale, alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama zimwi, akazirudisha funguo kwenye droo.

Siku hizi jioni, wakishamaliza kula, Msusi huenda karakana ya mumewe na kuketi juu ya rundo la mbao. Humwomba amsimulie. Mwanzoni seremala hakujua aanzie wapi, maana hakuwa mtu wa hadithi. Sasa amekuwa hodari. Humsimulia walivyokutana, alivyoleta saluni stuli ya kukalia wateja, ambayo mguu wake mmoja aliutoboa vibaya makusudi ili apate sababu ya kurudi kuitengeneza. Humsimulia harusi yao, mvua ilivyonyesha, mama yake alivyoanguka kwenye matope akiwa amevaa gauni jipya. Msusi husikiliza amefumba macho, midomo ikifuatisha maneno kimya kimya ili yashike, kwa sababu keshokutwa ni siku ya kusuka.

"Hii ya stuli nilikusimulia juzi," seremala alimwambia jana, ameacha randa katikati ya ubao. "Na wiki iliyopita."

"Najua," akasema Msusi. "Nisimulie tena. Anzia mlangoni, ulipoingia."

Seremala akafikiri kwanza, kisha akaanza.